Kilo zilizopotea kwenye kompyuta: makosa ya programu yasiyopiga kelele

Mama yule aliingia ofisi ya chama cha wakulima wa zabibu akiwa na daftari la mistari alilolizungushia kitenge. Ilikuwa Ijumaa, siku ya malipo katika msimu wa zabibu, na foleni ilikuwa imefika hadi chini ya mwarobaini nje. Akalifungua daftari juu ya meza ya karani, akaweka kidole kwenye ukurasa. Jumatatu kreti 9, kilo 168. Jumatano kreti 7, kilo 137. Ijumaa kreti 11, kilo 208. Jumla kilo 513. Karatasi iliyotoka kwenye printa ilisema kilo 208, basi.

Alikuwa ameambiwa mimi ndiye fundi wa ile kompyuta. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza: "Mwanangu, za Jumatatu na Jumatano zimekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Programu niliiandika mimi. Haikuwa imezima wala haikutoa ujumbe wowote wa hatari, na kwa wiki nzima hakuna aliyeilalamikia. Tulipofungua jalada la stakabadhi za mizani na kuzipitia moja moja, daftari la mama lilikuwa sahihi mpaka kilo ya mwisho. Alilipwa zote jioni ile. Waliomtangulia kwenye foleni walikuwa wameshaondoka na pesa pungufu, ikabidi karani awapigie simu mmoja mmoja warudi. Mimi nikarudi nyumbani Nkuhungu na kompyuta yangu, nikakesha. Kosa nililipata alfajiri. Lilikuwa mistari miwili.

Tangu siku ile nimesoma programu nyingi za vijana wanaojifunza hapa Dodoma, walio chuoni na wanaojifundisha wenyewe kwa bando la simu, na kosa lile nimelikuta mara nyingi likiwa na sura tofauti. Wengi wao wanajua vizuri kanuni za lugha ya Java au Python. Kinachowapiga chenga ni jambo ambalo vitabu hulipitia haraka: katika programu ya obijekti, kila taarifa inatakiwa iwe na mwenye dhamana mmoja, na mwenye dhamana huyo ndiye pekee mwenye ruhusa ya kuigusa. Nitaeleza kwa mifano ya chama cha wakulima wa zabibu, kwa sababu ndiko nilikojifunzia kwa uchungu.

Kwanza tutenganishe makosa yenyewe. Kuna kosa la sarufi: umesahau nukta-mkato, umekosea jina, na kompaila, yaani programu inayotafsiri ulichoandika kwa ajili ya kompyuta, inakataa kabla programu haijaanza. Hilo halina madhara. Kuna kosa linaloizima programu katikati ya kazi. Linaudhi, lakini angalau linajitangaza na linakuonyesha mstari. Aina ya tatu ni programu inayoendelea kufanya kazi vizuri huku ikitoa jibu la uongo. Makosa ya obijekti mengi yamo kwenye kundi hili la tatu, na ndiyo maana mtu anaweza kuyaandika miaka mitano bila kujua.

Ghala na mtunza ghala

Obijekti ni nini hasa? Chukua ghala la mahindi pale Kibaigwa. Mahindi yako ndani, na mlangoni yupo mtunza ghala mwenye kitabu. Ukitaka magunia kumi huingii kuchota, unamwambia yeye. Ataangalia kama yapo, atatoa, ataandika. Obijekti ni ghala pamoja na mtunza wake: taarifa ziko ndani, na nje kuna maombi machache inayokubali kuyapokea, ambayo tunayaita methodi. Klasi ni kama kalibu ya matofali. Kalibu ni moja, matofali yanayotoka humo ni mengi, na kila tofali linasimama peke yake.

Wazo hili ni la zamani. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, wataalamu wawili wa Norway, walilitengeneza mjini Oslo miaka ya 1960 walipotaka kuiga shughuli za kweli za dunia ndani ya kompyuta, na lugha yao, Simula 67, ndiyo iliyoanza kuwa na klasi na urithi, yaani klasi moja kuchukua sifa za nyingine. Java, ambayo wengi wetu tulianzia, ilitangazwa mwaka 1995. Lugha zimebadilika sana tangu Oslo, ila swali la mtunza ghala limebaki lile lile.

Sasa tazama nilivyoandika mimi:

```java
class Mkulima {
    private List<Mzigo> mizigo = new ArrayList<>();

    public List<Mzigo> getMizigo() {
        return mizigo;
    }
}
```

Mwanafunzi akiona neno `private`, linalozuia walio nje ya klasi kuigusa taarifa, anaridhika. Mlango umefungwa. Lakini methodi `getMizigo` haitoi nakala ya orodha. Inatoa orodha yenyewe. Ni sawa na mtunza ghala anayefunga mlango kwa kufuli, halafu kila anayeuliza "kuna nini humo?" anampa ufunguo akajionee.

Ijumaa ile, kabla ya malipo kuanza, mwenyekiti aliomba ichapishwe orodha ya mizigo iliyopokewa siku hiyo. Sehemu ya kuchapa nilikuwa nimeiandika hivi:

```java
List<Mzigo> yaLeo = mkulima.getMizigo();
yaLeo.removeIf(m -> !m.siku().equals(leo));
```

Isome polepole. Nilitaka kuchuja karatasi ya kuchapa: ondoa kila mzigo ambao si wa leo. Ila `yaLeo` haikuwa karatasi yangu. Ilikuwa ni orodha ya mkulima mwenyewe kwa jina jingine. Nilipoondoa Jumatatu na Jumatano, niliziondoa kwake. Dakika chache baadaye sehemu ya malipo ikamwuliza mkulima yule yule, aliyekuwa bado kwenye kumbukumbu ya kompyuta, jumla ya kilo zako ni ngapi? Akajibu kwa uaminifu kile kilichobaki: 208.

Kilichonichelewesha usiku ule ni kwamba kwenye hifadhidata kilo zote zilikuwepo. Na kila nilipojaribu malipo peke yake, jibu lilikuwa sahihi. Kosa lilitokea tu pale orodha ya siku ilipochapishwa kwanza na malipo yakafuata, bila programu kufungwa katikati. Wiki nzima hakuna aliyefuata mpangilio huo.

Tiba yake ni kumrudishia mkulima dhamana yake:

```java
class Mkulima {
    private final List<Mzigo> mizigo = new ArrayList<>();

    public void pokea(Mzigo m) {
        mizigo.add(m);
    }

    public List<Mzigo> mizigoYa(LocalDate siku) {
        return mizigo.stream()
                .filter(m -> m.siku().equals(siku))
                .toList();
    }

    public int jumlaYaKilo() {
        return mizigo.stream().mapToInt(Mzigo::kilo).sum();
    }
}
```

Hakuna tena `getMizigo`. Anayetaka orodha ya siku anaiomba kwa jina lake, na anapewa orodha mpya isiyokubali kubadilishwa. Anayetaka jumla anaomba jumla. Ona pia majina yalivyobadilika. `pokea`, `mizigoYa`, `jumlaYaKilo` ni maneno ya karani na mkulima. Methodi zako zote zikianza na `get` na `set`, mara nyingi ni dalili kwamba klasi yako ni debe tupu la kubebea taarifa na kazi halisi inafanyika kwingine, kila mahali kwa namna yake.

Kuna tundu limebaki. Orodha ni mpya, lakini mizigo iliyomo ni ile ile. Kama mtu anaweza kuuchukua mzigo na kuubadilisha kilo, bado hatuko salama. Kwa hiyo mzigo wenyewe ufanywe usiobadilika, na ukatae kuzaliwa ukiwa na kasoro:

```java
record Mzigo(LocalDate siku, int kreti, int kilo) {
    Mzigo {
        if (kilo <= 0 || kreti <= 0) {
            throw new IllegalArgumentException("Kreti na kilo lazima zizidi sifuri");
        }
    }
}
```

Hii `record` imekuwa sehemu rasmi ya Java tangu toleo la 16, mwaka 2021. Mzigo ukishapimwa umepimwa. Kama mizani ilikosea, unaandika mzigo wa marekebisho, kama mhasibu asivyofuta mstari kwenye leja bali anaandika mwingine. Na ukaguzi wa sifuri uko hapa, mlangoni, mara moja. Nimeona programu zinazokagua jambo hilo hilo kwenye fomu, kwenye ripoti na kwenye malipo, halafu mahali pa nne wakasahau, na uzito hasi ukapita.

Wanaotumia Python wana mlango wao wa kosa hili. Ukiandika `mizigo = []` moja kwa moja ndani ya klasi, nje ya `__init__` (methodi inayoitwa kila obijekti mpya inapozaliwa), orodha hiyo ni moja kwa wakulima wote. Mkulima wa Hombolo akipokelewa mzigo, wa Mpunguzi naye anaonekana kauleta. Hali ni hiyo hiyo ukiiweka `[]` kama thamani ya kuanzia kwenye mabano ya methodi, kwa kuwa inatengenezwa mara moja tu pale methodi inapofafanuliwa. Iandike `self.mizigo = []` ndani ya `__init__` na kila mmoja atakuwa na yake.

Yule yule, au anayefanana naye?

Kijiji kimoja kinaweza kuwa na wakulima wawili wanaolingana jina la kwanza, la baba na la babu. Karani anawajua kwa sura. Kompyuta haina sura, hivyo lazima uiambie: wakulima wawili ni mtu mmoja pale namba zao za uanachama zinapolingana, majina yaweje.

Java inatofautisha mambo mawili ambayo kwa haraka yanaonekana jambo moja. Alama `==` ikitumika kwa obijekti inauliza: je, hizi ni obijekti ile ile moja kwenye kumbukumbu? Methodi `equals` inauliza: je, zinalingana kwa maana tuliyokubaliana? Noti mbili za shilingi elfu kumi mfukoni mwako zinalingana thamani, lakini ni karatasi mbili.

Hapa kuna mtego ambao nisingeuamini kama nisingeuona. Kijana mmoja niliyekuwa namsaidia alitunza namba ya uanachama kama `Integer` na kulinganisha kwa `==`. Alijaribu na wanachama mia moja, kila kitu sawa. Chama kilipoanza kutumia, wanachama wa mwanzo walipatikana bila tabu, na kuanzia namba 128 hakuna aliyepatikana. Sababu ni kwamba Java inapogeuza namba ya kawaida kuwa obijekti ya `Integer`, kwa zilizo kati ya -128 na 127 inalazimika kukupa obijekti ile ile kila mara. Kwa hiyo `==` inasema ndiyo, kwa bahati. Kuanzia 128 kwa kawaida unapewa obijekti mpya kila mara, na `==` inasema hapana ingawa namba ni moja. Angetumia `equals`, au `int`, yaani namba ya kawaida isiyo obijekti, tatizo lisingekuwepo.

Ukiandika `equals` yako, andika na `hashCode`. Seti (mkusanyo usiorudia kitu) na ramani za Java za aina ya `HashSet` na `HashMap` hupanga vitu kwenye visanduku, na `hashCode` ndiyo inayosema kitu kiende kisanduku gani. Wanachama wawili wanaolingana kwa `equals` lakini wenye `hashCode` tofauti kwa kawaida watawekwa visanduku tofauti, na seti itamhesabu mtu mmoja mara mbili bila kujua. Na usibadilishe taarifa inayotumika kwenye `hashCode` baada ya kumweka mtu kwenye seti. Atakuwa ndani ya kisanduku kimoja, nawe unamtafuta kwenye kingine.

"Ni" na "ana"

Urithi ndio unaopendwa kuliko yote darasani, na ndio unaotumiwa vibaya zaidi. Mwalimu anachora mti: `Mtu` juu, chini yake `Mkulima`, `Msafirishaji` na `Mjumbe` wa bodi. Mchoro unapendeza. Kisha nenda kijijini. Mkulima ana guta lake, asubuhi anabeba kreti za wenzake kwa malipo, na kwenye mkutano mkuu wamemchagua ujumbe wa bodi. Yuko tawi lipi la mti? Obijekti iliyozaliwa `Mkulima` haiwezi kugeuka `Msafirishaji` kesho. Niliwahi kuona mfumo ambapo mtu mmoja alisajiliwa mara tatu ili awe vyote vitatu, na alipobadilisha namba ya simu ikabadilika sehemu moja.

Kiswahili chenyewe kinakupa kipimo. Sema sentensi kwa sauti. Je, inakaa vizuri na "ni" kwa maisha yake yote, au kwa kweli unataka "ana"? Mwanachama *ana* jukumu la kusafirisha, *ana* nafasi kwenye bodi, na vyote hivyo vinakuja na kuondoka. Basi mwanachama awe na orodha ya majukumu, na urithi uachwe.

Hata waliotengeneza Java walijikwaa hapa. Klasi yao `Stack`, ambayo inatakiwa ifanye kama rundo la sahani, unaweka juu na kutoa juu, iliandikwa kwa kurithi `Vector`, ambayo ni orodha ya kawaida. Kwa kuwa mtoto anarithi kila kitu cha mzazi, unaweza kuchomeka sahani katikati ya rundo. Wameiacha hivyo mpaka leo wasivunje programu za watu, na maelezo yake rasmi yanamwelekeza msomaji atumie `Deque`, aina nyingine ya Java inayoweza kufanya kazi hiyo ya rundo.

Kipimo cha pili alikieleza Barbara Liskov mwaka 1987: popote mzazi anapotumika, mtoto aweze kuwekwa badala yake na programu isiharibike. Chukua klasi `Malipo` yenye methodi `ghairi`. Unaandika `MalipoYaTaslimu`, halafu unagundua kwamba pesa taslimu ikishatoka mkononi haighairiki, hivyo ndani ya `ghairi` unarusha kosa. Kila msimbo (mistari ya programu) ulioandikwa kwa kumwamini mzazi sasa unaweza kuzimika. Mtoto amevunja ahadi ambayo mzazi aliitoa. Afadhali `ghairi` iondolewe kwa mzazi na kuwekwa kwenye intafesi ndogo (orodha ya methodi ambazo klasi inaahidi kuwa nazo) ya malipo yanayoghairika tu, ili kompaila yenyewe imkatalie anayejaribu kughairi taslimu.

Urithi unapotumika vizuri, faida yake kubwa ni kukuepusha na ngazi ndefu za `if`. Na hili msemaji wa Kiswahili analijua toka utotoni. Tunasema kiti kizuri, mti mzuri, maji mazuri. Hatusimami kujiuliza "kama neno ni la ngeli hii, basi nifanye hivi." Nomino yenyewe inakuja na upatanisho wake. Obijekti za malipo ziwe hivyo: uiambie `lipa()`, ya simu ilipe kisimu, ya benki kibenki. Kwenye chama tulikuwa na `if (aina.equals("SIMU"))` sehemu sita. Ilipokuja benki niliongeza sehemu tano, na ya sita, ripoti ya mwezi, nikaisahau. Ripoti ikatoka bila malipo ya benki hata moja, na kwa jinsi ilivyopangwa vizuri kwenye karatasi, hakuna aliyeishuku mpaka mhasibu alipolinganisha na taarifa ya benki.

Namba ya simu si namba

Kosa hili linadharauliwa na lina madhara makubwa kwetu. Kijana anaona "namba ya simu", anaitunza kama `int`. Namba zetu zinaanza na sifuri. Sifuri ya mbele inapotea, na fomu nyingine zinaweza hata kushindwa kutambua kwamba tarakimu tisa zinazobaki ni simu. Anayeitunza kama maandishi matupu naye anapata namba moja kwa sura tatu: yenye sifuri mwanzoni, yenye 255, na yenye nafasi katikati. Mkulima mmoja anakuwa watatu. Tengeneza klasi `NambaYaSimu` inayopokea sura zote hizo, inazisawazisha kuwa sura moja, na kukataa isiyotimia. Ukishakuwa nayo, methodi inayotaka simu haiwezi kupewa namba ya uanachama kwa bahati mbaya.

Saa nayo hivyo hivyo. Karani akiandika "saa 2" anamaanisha jua limeshachomoza na mizani imeanza kazi. Kompyuta inaweka saa nane za usiku. Nimeikuta kwenye kumbukumbu za kweli: mizigo yote ya asubuhi ilionekana imepokewa usiku wa manane, na ikapangwa kabla ya mizigo ya watu wa bustani za jirani waliotumia saa za simu. Fomu iwaulize watu kwa saa wanazozizungumza, klasi moja ifanye ubadilishaji, na ndani ya mfumo ikae `LocalTime` tu, aina ya Java ya kutunza saa.

Pesa usiiweke kwenye `double`. Aina hiyo hutunza namba kwa mfumo wa mbili, na sehemu nyingi za kumi haziwezi kuandikwa humo kikamilifu. 0.1 ukijumlisha 0.2 inatoa 0.30000000000000004. Kwa shilingi, ambayo senti zake hazipo tena mikononi mwa watu, `long`, aina ya namba kamili, ya shilingi kamili inatosha. Penye makato ya asilimia tumia `BigDecimal`, inayotunza desimali bila kupoteza usahihi, uijenge kutoka kwenye maandishi, `new BigDecimal("0.03")`, maana ukiipa 0.03 bila alama za nukuu inapokea kosa lile lile la `double` na kulitunza kwa uangalifu.

Ukimya

Mkulima asiye na simu anaandikwaje? Wengi wanaacha `null`, yaani hakuna kitu. Aliyeiingiza dhana hii kwenye lugha za kompyuta ni Tony Hoare wa Uingereza, mwaka 1965, na mwaka 2009 mwenyewe aliiita kosa lake la dola bilioni moja. Ubaya wake ni kwamba `null` inapita kimya mlangoni na kulipuka mbali, siku ya kutuma ujumbe kwa wakulima wote, kwenye mstari usiohusika na usajili. Ikiwa kukosa simu ni hali halali, klasi iseme hivyo waziwazi, kwa mfano kwa `Optional`, kama bahasha inayoweza kuwa tupu, kwenye methodi inayotoa namba. Ikiwa si halali, konstrakta, yaani sehemu inayoiunda obijekti, ikatae.

Na hili naliomba kwa dhati kuliko mengine yote. Usiandike:

```java
try {
    hifadhi(mzigo);
} catch (Exception e) {
}
onyesha("Imehifadhiwa");
```

Vituo vya kupokelea zabibu viko mashambani, intaneti inakatika, umeme unakatika. `hifadhi` ikishindwa, msimbo huu unalimeza kosa na kumwambia karani kwamba kazi imekwisha. Zabibu zenyewe haziwezi kusubiri zipimwe tena. Zikishakatwa zinapungua uzito kwa kukauka, na jioni zimeshaondoka na gari. Kilichobaki ni neno la mkulima dhidi ya neno la kompyuta, na mara nyingi kompyuta ndiyo huaminiwa. Kama hujui la kufanya na kosa, liache lipande juu mpaka kwa karani lisomeke: "Mzigo haujahifadhiwa, andika kwenye karatasi." Sentensi hiyo moja inamlinda mtu.

Klasi kubwa inayojua kila kitu sitaikalia sana. Kila mmoja wetu ameiandika, ile `MfumoMkuu` ya mistari elfu mbili inayosajili, inayopima, inayolipa na kuchapa. Ukishindwa kusema kazi ya klasi bila kutumia "na" mara tatu, ianze kugawanywa, kipande kimoja kila unapoigusa kwa sababu nyingine. Usiivunje yote kwa siku moja msimu ukiwa unaendelea.

Jambo la mwisho ni majaribio, yaani vipande vya programu vinavyoikagua programu yenyewe, na narudi kwenye daftari. Alfajiri ile, kabla ya kugusa mistari miwili iliyokosewa, niliandika jaribio hili:

```java
@Test
void orodhaYaSikuHaipunguziJumla() {
    Mkulima mama = new Mkulima();
    mama.pokea(new Mzigo(JUMATATU, 9, 168));
    mama.pokea(new Mzigo(JUMATANO, 7, 137));
    mama.pokea(new Mzigo(IJUMAA, 11, 208));

    mama.mizigoYa(IJUMAA);

    assertEquals(513, mama.jumlaYaKilo());
}
```

Mpangilio wake ni ule ule wa Ijumaa: kwanza orodha ya siku, kisha jumla. Ndani ya `mizigoYa` niliweka mwanzoni ile njia yangu ya zamani ya `removeIf`, kwa makusudi, ili nilione jaribio likishindwa kwa sababu niliyoitegemea. Likashindwa: lilitarajia 513, likapata 208. Ndipo nikaandika methodi upya, likapita. Jumatatu nilikwenda chamani na programu iliyorekebishwa, nikaomba daftari la mama na mengine manne ya wakulima walioandika wenyewe, nikageuza kila ukurasa kuwa jaribio. Majaribio mawili kati ya hayo yalishindwa, kwa kosa jingine la kreti zilizogawanywa kwa wakulima wawili, ambalo hakuna aliyekuwa amelilalamikia bado.